Osteopathia: mikono husubiri maswali

Wagonjwa wengi wa mgongo wanaokuja kwetu mara ya kwanza huanza kufungua vifungo vya shati kabla hata hawajakaa. Wamefuata mikono, nao wanataka kazi ianze. Huwa namwambia mgonjwa akae kwanza, tuzungumze. Kikao cha kwanza kwa kawaida huchukua kama dakika 45 au zaidi, na sehemu kubwa yake hupita kwa maswali: maumivu yalianza lini, yanakuamsha usiku, umewahi kuvunjika mfupa, unameza dawa za kuzuia damu kuganda, umekonda bila sababu? Jibu moja tu linaweza kunifanya nisikuguse kabisa, nikuandikie barua ya kwenda hospitali.

Osteopathia ni tiba ya mikono inayoshughulikia misuli, viungo, kano na uti wa mgongo. Mwanzilishi wake ni Andrew Taylor Still, tabibu wa Marekani aliyefiwa na watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, akakosa imani na dawa za enzi zake, ambazo kweli nyingi ziliumiza kuliko kuponya. Alitangaza mfumo wake mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, Missouri. Still aliamini kwamba karibu kila ugonjwa una mzizi wake kwenye mifupa iliyokaa vibaya. Hapo alipitiliza.

Jina hilo halina maana moja kila mahali. Marekani, aliyehitimu osteopathia ni daktari kamili anayeandika dawa na kufanya upasuaji. Uingereza, ambako fani hii inasimamiwa kwa sheria ya mwaka 1993, ni mtaalamu wa tiba ya mikono. Ziko nchi ambazo hazina sheria yoyote juu yake, kwa hiyo muulize anayetaka kukutibu alisomea wapi na kwa muda gani. Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka.

Baada ya maswali nitakuomba usimame, uiname, ugeuke. Tuseme vidole vyako vinaishia magotini na unajipinda upande wa kushoto ili kukwepa maumivu. Nikipitisha dole gumba kando ya pingili za kiunoni, nakuta msuli umekaza kama kamba iliyofungiwa mzigo. Lakini mara nyingi nyonga nayo ni ngumu, na kiuno kimekuwa kikifanya kazi ya viungo viwili. Basi nakanda, nanyoosha, nazungusha kiungo polepole, na pengine nakisukuma ghafla kwa mwendo mfupi.

Hapo ndipo husikika ule mlio wa "ka!" Mfupa haujarudi mahali pake, kwa sababu haukuwa umehama. Ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, sawa na unapovunja vidole. Nimeona watu wakiondoka wanyonge kwa kuwa hawakusikia kitu, ilhali shingo yao ilikuwa inageuka vizuri kuliko walipoingia. Ukiogopa msukumo huo, hasa wa shingo, kataa. Njia za taratibu zipo. Madhara makubwa ya kusukuma shingo ni nadra, lakini kuchanika kwa mshipa wa damu ni mojawapo.

Ushahidi wenye nguvu kiasi uko kwenye maumivu ya kiuno, na hata huko nafuu ni ya wastani, nayo hudumu zaidi ukifanya mazoezi nyumbani. Anayeahidi kutibu pumu au kisukari kwa kukandamiza uti wa mgongo anakudanganya. Hata ule mtindo wa kushika fuvu kwa upole, unaopendwa na wengi, hauna uthibitisho wa kuridhisha.

Siku moja au mbili baada ya tiba unaweza kuhisi uchovu au maumivu kama ya mtu aliyelima kwa mara ya kwanza. Hayo hupita. Vikao vitatu au vinne vikipita bila badiliko lolote, tubadilishe mpango. Usikubali kulipia vikao vingi kwa mkupuo kabla hujaona matokeo.

Lakini ukipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, au miguu yote miwili ikalegea, usisubiri miadi yetu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.