Memrista: mlinganyo wa 2008 hautunzi kumbukumbu

Memrista ni kifaa cha ncha mbili ambacho ukinzani wake hutegemea umeme uliokwisha kupita ndani yake. Ukizima, ukinzani unabaki pale pale ulipoachwa. Hakiweki chaji kama kapasita. Leon Chua alikitabiri kwa hesabu mwaka 1971, na 2008 watafiti wa HP wakasema wamekipata katika utando mwembamba wa oksidi ya titani. Hayo yatosha.

Linaloniudhi ni jingine. Hapa Mombasa, kila msimu wa miradi ya mwisho, wanafunzi wa elektroniki huuchukua ule mlinganyo mfupi wa HP wa 2008, wakautia kwenye kompyuta, wakapata mchoro wa mkondo dhidi ya volti wenye kitanzi kizuri kinachojibana kwenye sifuri, kisha wakaandika: "modeli ya kumbukumbu." La hasha!

Katika mlinganyo huo, mpaka kati ya sehemu ya utando iliyopungukiwa oksijeni na sehemu nyingine, ambao ndio huamua ukinzani, husogea kwa kasi inayolingana na mkondo. Mkondo ukiwa mdogo, husogea kidogo, lakini husogea. Maana yake kusoma, yaani kupima ukinzani kwa mkondo mdogo, nako ni kuandika, yaani kuubadilisha. Ni mlango usio na komeo: kusi ikivuma kidogo tu, umeshahama.

Kifaa halisi hakiendi hivyo. Mapengo ya oksijeni, yaani nafasi zilizokosa atomi yake, huruka kutoka nafasi hadi nafasi, na kila mruko una kilima cha nishati. Volti hukishusha kilima, joto la mkondo huongeza msukumo, na kasi hupanda kwa kipeo, si kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana kifaa kinaweza kutakiwa kiandike kwa nanosekunde 10 na bado kikumbuke miaka 10. Mstari ulionyooka hauwezi kubeba tofauti hiyo ya kasi. Modeli kama VTEAM huweka volti ya kizingiti, ambayo chini yake hali haiguswi. Nayo ni njia ya mkato, maana kimaumbile hakuna kizingiti kikali hivyo, ila angalau haidanganyi kuhusu usomaji.

Kwenye saketi za kuiga ubongo ndiko kosa linakouma. Uzito wa sinapsi, yaani nguvu ya kiungo kati ya neva na neva, hutunzwa kama ukinzani. Kanuni ya Ohm inazidisha volti na uzito kupata mkondo, ya Kirchhoff inajumlisha mikondo, na kila hesabu hupitisha mkondo. Uzito ukihama kwa kila hesabu, mtandao unasahau huku ukifanya kazi.

Anayetaka kuonyesha kitanzi, autumie mlinganyo wa 2008, hana kosa. Ila kabla ya kuuita kumbukumbu, ndugu yangu, soma memrista yako mara elfu moja kwa volti 0.1 ya upande mmoja, kisha utuambie kama ukinzani ni uleule.