Sabuni Haiondoi Mafuta Baharini: Neno kwa Walimu wa Klabu za Mazingira

Tangu tuanze kuzihimiza shule za Pwani zifanye majaribio ya kusafisha mafuta yaliyomwagika, picha zinatufikia kwa wingi: beseni, maji, mafuta, watoto wameinama. Tunashukuru. Ila nyingi huishia mahali pamoja. Mtoto anadondosha sabuni ya vyombo, mafuta yanakimbilia kando, darasa linapiga makofi, beseni linamwagwa mtaroni. Hapo mtoto amefundishwa kinyume.

Sabuni huyavunja mafuta yakawa matone madogo yanayozama ndani ya maji. Hayaonekani, lakini yamo. Kemikali za kutawanya mafuta hufanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana hazipulizwi bila idhini ya mamlaka, na penye kina kifupi chenye matumbawe huwa tunaziogopa. Tusisikie tena kwamba watoto wamepelekwa ufuoni na chupa za sabuni.

Tieni maji chumvi. Mafuta yawe ya kupikia, vijiko 3 vilivyopimwa, yakorogwe na kokoa ili yaonekane. Si mafuta ya taa, si petroli (nashangaa kwamba hili linahitaji kuandikwa). Yazungusheni kwa kamba ya usumba, kisha mtoto apulize kwa mdomo aone yanavyoivuka. Ndipo mjaribu kuyanyonya kwa makumbi, pamba, manyoya ya kuku. Meli ya Wakashio ilipokwama Mauritius mwaka 2020 na kuvuja takriban tani 1,000, wananchi walishona vizuizi vya kuelea kwa majani makavu ya miwa, hata nywele zikachangwa. Sisi tuna minazi.

Kamueni kila kifaa ndani ya glasi, subirini maji na mafuta yatengane, mpime. Hamtapata vijiko 3.

Kwenye sinia jingine, simamisheni mirija katika mchanga iwe mizizi ya mchu, aina ya mkoko. Mizizi hiyo ndiyo pua ya mti. Ikifunikwa na mafuta, mti hukosa pumzi. Mwambieni mtoto aisafishe bila kuivunja. Kisha msimulieni kilichoipata mikoko ya hori la Makupa, Mombasa, mwaka 1988, tani zipatazo 5,000 za mafuta zilipomwagika.

Kuhusu sheria: Kifungu cha 93 cha EMCA ya 1999, sheria ya mazingira ya Kenya, kinakataza kumwaga mafuta kwenye mazingira. Mwenye chombo au ghala lililovuja hutakiwa kutoa taarifa mara moja na kuanza kusafisha, na mahakama inaweza kumtoza gharama za kuyaondoa pamoja na fidia kwa walioathirika. Taka zenye mafuta hubebwa na mwenye leseni, zikiandamana na hati ya kuzifuatilia hadi zinakotupwa. Hakuna atakayeishtaki Gredi ya Nne kwa vijiko 3. Hata hivyo, makumbi yafungwe katika gazeti yatupwe na taka kavu, wala beseni lisimwagwe mtaroni kabla ya mafuta kuondolewa.

Mtoto akiona mafuta ufuoni, asiguse. Amwite mtu mzima, naye aarifu BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) au Mamlaka ya Bahari: mahali, saa, upepo unakoelekea.

Katika fomu ya ripoti, safu ya "mafuta yaliyopatikana" isiachwe wazi. Shule itakayoandika "yote" tutaiomba irudie jaribio.