Mgeni si mpangaji: maana ya "upangishaji wa muda mfupi"

Tangu Septemba 2023 kuna sentensi isiyoisha midomoni: "New York wamepiga marufuku Airbnb", ile programu ya kutafutia malazi ya kulipia kwa usiku. Hawajapiga. Na ukimsikiliza anayeisema hadi mwisho, utakuta kosa lake limeanzia kwenye neno, hata kabla hajafika kwenye sheria.

Maana ni fupi. Upangishaji wa muda mfupi ni kumlaza mtu kwa malipo katika nyumba ya makazi, kwa muda usiofika kiwango kilichowekwa na sheria ya mahali hapo. New York kiwango ni siku 30 mfululizo. Siku 29 ni muda mfupi, 30 si muda mfupi tena.

Linalokera ni hilo "upangishaji". Mtu hukodi baiskeli, hukodi viti na turubai za harusi, hukodi gari la kwenda matangani: ametumia, amelipa, amerudisha. Nyumba hupangwa. Anayepanga huja na godoro lake, mtungi wa gesi na watoto wanaosoma shule ya mtaani, na ukimuuliza kwako wapi atakuonyesha mlango huo. Kitenzi ni kile kile cha kupanga vyombo kabatini, na aliyepanga nyumba kweli ana vyombo vya kupanga. Sasa yule aliyefika Ijumaa na sanduku la magurudumu, akafungua mlango kwa namba alizotumiwa kwenye simu, akaondoka Jumapili saa nne asubuhi, amepanga nini? Amekodi kitanda. Wapo wanaojitetea kwamba mpangaji naye hulipa kodi, hivyo kukodi na kupanga ni mamoja. Kwa hesabu hiyo kila mlipa kodi ni mpangaji wa serikali.

Kiswahili kilishampa mtu wa kitanda jina lake: mgeni. Tena kikampimia muda, siku mbili, ya tatu mpe jembe. New York ni wakarimu zaidi, ila baada ya siku 30 hawampi jembe, wanampa mahakama: aliyekaa ndani kihalali siku 30 mfululizo hawezi kutolewa kwa kubadilishiwa kitasa tu, lazima mwenye nyumba afungue kesi. Hapo ndipo mgeni anapoanza kulindwa kama mpangaji, na ndiyo sababu namba 30 si ya kubahatisha.

Jina la Airbnb nalo limepotoka vivyo hivyo. Nairobi "bnb" siku hizi ni fleti yoyote yenye fanicha inayotozwa kwa usiku, hata kama mwenye fleti yuko Dubai na funguo ziko kwa mlinzi. Asili yake ni magodoro ya kujaza upepo. Mwaka 2007 vijana wa San Francisco waliokuwa wamebanwa na kodi ya nyumba waliwalaza wageni watatu sebuleni kwao na kuwapa kifungua kinywa. Wenyeji walikuwepo, walilala humo humo.

Soma sasa sheria ya New York, Local Law 18, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutekelezwa Septemba 5, 2023. Anayetaka kulaza wageni kwa chini ya siku 30 ajisajili na jiji kwa dola 145. Awe anaishi katika nyumba hiyo hiyo. Awepo wageni wanapokuwepo. Wageni wasizidi wawili. Mlango wa ndani usifungwe kwa ufunguo kumtenga mgeni na sehemu nyingine za nyumba. Kwa ufupi, mwenyeji awe mwenyeji kweli. Ni karibu sebule ile ile ya 2007, ila mgeni wa tatu angekosa godoro.

Wengi hukwama kwenye "nyumba hiyo hiyo". Mtu ana nyumba ya familia mbili, yeye anaishi juu, chini anataka kulaza wageni. Haikubaliki, kwa sababu chini kunahesabiwa kuwa makazi mengine. Wenye nyumba ndogo kama hizi wamelalamika sana kwamba wametiwa kapu moja na wenye fleti ishirini, na hapo sioni la kuwapinga. Fleti ambazo kodi yake inadhibitiwa hazisajiliwi kabisa, na mwenye jengo anaweza kuliorodhesha jengo zima kuwa halipokei wageni.

Sheria ina meno kwa sababu haimsubiri jirani apige simu. Programu inatakiwa kuhakiki namba ya usajili kwenye mfumo wa jiji kabla ya kupokea malipo, la sivyo faini hufika dola 1,500 kwa kila muamala. London wana ukomo wa usiku 90 kwa mwaka, lakini programu moja haijui usiku uliouzwa kwenye nyingine, na anayejua hilo huhamia ya pili ya kwanza ikimfungia.

Je, wakazi wamenufaika? Jengo lililokuwa na sura mpya kila wikendi limetulia. Kodi zimebaki juu. Mwaka 2023 nyumba za kupanga zilizokuwa wazi New York hazikufika asilimia 1.5 ya zote, na upungufu wa namna hiyo hauzibwi na fleti za wageni peke yake. Zaidi ya hapo, wenye fleti wengi walihamia kutangaza siku 30 na kuendelea, ambako usajili hauhitajiki.

Kenya nayo huwatofautisha mgeni na mpangaji: kodi ya nyumba ya makazi haitozwi VAT (kodi ya ongezeko la thamani), lakini sheria hiyo hiyo inasema malazi ya likizo si makazi. Kwenye geti la fleti tofauti hiyo hupotea. Palipo na mita moja ya maji kwa jengo zima, bili hugawanywa sawa kwa kila mlango, na mwenye watoto wawili humchangia maji yule anayefua mashuka kila siku. Mkutano wa wakazi ukiitishwa, kwenye daftari wote wameandikwa "wapangaji".

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukirudia habari ya New York, sema wamemtaka mwenyeji alale nyumbani. Na yule wa sanduku la magurudumu mwite mgeni tu, hata yeye hatakasirika.