Kabla hujafomati, fungua folda ya Panther

Kompyuta nyingi ninazoletewa nizipandishe kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 zinakuja na kisa kimoja. Mwenyewe amejaribu mara tatu au nne. Kila mara asilimia zinapanda vizuri, mashine inajizima na kujiwasha, kisha inarudi palepale ilipoanzia ikiwa na namba ndefu ya kosa na maneno machache yasiyosaidia. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kazi hizi zimeongezeka, na ushauri ambao watu hupewa kila wanakouliza ni uleule: fomati, uanze upya.

Siukubali ushauri huo. Kufomati kunaondoa tatizo pamoja na kila kitu kingine: programu zilizopangwa kwa miaka, leseni ambazo namba zake zimeshapotea, mipangilio ambayo mwenyewe hakumbuki aliifanya lini. Na mara nyingi kilichozuia ni kitu kimoja tu, ambacho kisakinishi kimeshakitaja kwa jina. Kimekitaja ndani ya faili, kwenye folda iitwayo Panther, si kwenye skrini.

Anza na namba ya kosa, maana inakuonyesha uelekee wapi. 0xC1900208 inamaanisha kuna programu isiyoendana na toleo jipya, na mshukiwa wa kwanza huwa antivairasi ya zamani. 0xC1900200 inasema mashine haijafikisha sifa zinazotakiwa. 0xC190020E ni nafasi ya diski, basi. Zinazoanza na 0xC1900101 karibu zote ni za draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuvitumia vifaa, na hizo ndizo zinazosumbua watu kuliko zote.

Nieleze laptopu moja. Kisakinishi kilisimama kabla hata ya kunakili faili, kikadai kuna draiva isiyoendana bila kusema ni ipi. Nikaingia diski C, nikaruhusu vilivyofichwa vionekane, nikafungua $WINDOWS.~BT, kisha Sources, kisha Panther. Humo mna faili ambazo majina yake yanaanza na CompatData na kuishia na xml. Zipange kwa tarehe. Ya karibuni ndiyo ya jaribio la mwisho, na Notepad inatosha kuifungua. Nikatafuta neno BlockMigration, linaloonyesha kama draiva inazuia upandishaji. Draiva zote ziliandikwa False, isipokuwa moja:

<DriverPackage Inf="oem17.inf" BlockMigration="True" HasSignedBinaries="False"/>

Jina oem17.inf hutolewa na Windows yenyewe wakati wa kuisajili draiva, kwa hiyo kwako namba itakuwa nyingine. Ili kujua ni ya kifaa gani, nilifungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi nikaandika pnputil /enum-drivers. Orodha ni ndefu, lakini chini ya oem17.inf palikuwa na jina la asili la faili, mtengenezaji, na aina ya kifaa: printa. Mwenye laptopu alishaachana na printa hiyo zamani. Draiva yake ilibaki, kwa sababu kuchomoa kifaa hakufuti draiva. Amri iliyomaliza kazi ni hii:

pnputil /delete-driver oem17.inf /uninstall

Nikaanzisha upandishaji upya, ukaenda hadi mwisho.

Hapo kuna tahadhari moja ambayo sitaki uiruke. Soma aina ya kifaa kabla ya kufuta. Draiva ya printa au ya skana ukiifuta, hasara yake ni kuisakinisha tena. Draiva ya kidhibiti cha diski ni jambo jingine kabisa. Ukiigusa, mashine inaweza isiwake. Ikiwa ndiyo inayozuia, usiifute. Tafuta toleo jipya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta.

Kosa likiwa la sifa za mashine, swali langu la kwanza ni hili: je, kitu hakipo, au kipo lakini kimezimwa? Windows 11 inataka TPM 2.0, kijenzi cha usalama kinachotunza funguo za siri, na watu wengi hukata tamaa hapo. Andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia. Ukiambiwa TPM haikupatikana, usikimbilie kununua mashine nyingine. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uitafute TPM kwa majina yake mengine: kwenye mashine za Intel tafuta PTT, kwenye za AMD tafuta fTPM. Nimekuta mashine nyingi ambazo uwezo huo upo tangu kiwandani, ila haukuwahi kuwashwa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, hakikisha una ufunguo wa kuirejesha, na uisimamishe BitLocker kwanza kabla ya kubadilisha chochote humo.

Kisha kuna UEFI, njia mpya ya kuwashia mashine, ambayo Windows 11 nayo inaitaka. Mashine iliyosakinishwa kwa mtindo wa zamani huwa na diski ya MBR, mpangilio wa zamani wa sehemu za diski, na ukibadilisha BIOS kwenda UEFI bila kubadilisha diski, mfumo hautaonekana kabisa. Mpangilio ni diski kwanza, BIOS baadaye. Amri mbr2gpt /validate /allowFullOS hukagua bila kugusa kitu. Ikikubali, weka /convert mahali pa /validate. Itakataa kama diski ina zaidi ya sehemu kuu tatu, kwa sababu inahitaji nafasi ya kutengeneza sehemu ya kuwashia. Data hazifutwi, lakini mimi sijawahi kuiendesha bila kuchukua nakala kwanza, na sitaanza leo. Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka, huja mwisho, mashine ikishawaka vizuri kwa UEFI.

Prosesa ndiyo isiyobembelezeka. Orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika inaanza, ukiacha chache, na kizazi cha 8 cha Intel na Ryzen za AMD za mfululizo wa 2000. Zipo njia za kukwepa ukaguzi kupitia rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, na zinafanya kazi kwenye mashine kadhaa, lakini tangu toleo la 24H2 la Windows 11, mashine yenye prosesa isiyo na POPCNT na SSE4.2 (amri za ndani za prosesa) haiwaki kabisa, na hilo halina mkato. Kompyuta ambayo mtu anaitegemea kwa kazi siipitishi njia hizo, kwa sababu Microsoft haihakikishi kuipa masasisho. Mtumiaji wa nyumbani mwenye mashine kama hiyo anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, au kuhamia Linux, ambayo kwenye mashine za umri huo huenda vizuri.

Ukishapanda salama, usikimbilie kufuta folda ya Windows.old ili upate nafasi. Una siku 10 za kurudi ulikotoka, na folda hiyo ndiyo inayowezesha. Tumia siku hizo kujaribu kila unachokitegemea: chapisha ukurasa, piga simu ya video, fungua ile programu unayoitumia mara moja kwa mwezi.