Je, wajua kwa nini Mahenge ilipiganiwa mara mbili ndani ya miaka 12?

Leo Mahenge ni mji mdogo wa milimani, makao makuu ya Wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro. Lakini mwaka 1905 maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji waliuvamia, na mwaka 1917 majeshi ya Wazungu yakaugombea tena. Kuna nini huko juu?

Jibu linaanzia chini, bondeni. Ukitoka Ifakara unapita kwenye tambarare ya mpunga, unavuka mto Kilombero, kisha barabara inaanza kupanda kwa kona hadi karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Masika ikikolea, mto hufurika na sehemu kubwa ya bonde hugeuka ziwa. Kwa hiyo aliyeishika Mahenge alikuwa na ardhi kavu, hewa nafuu, chakula cha Wapogoro wa milimani na cha bondeni pia, na adui yake alilazimika kuvuka maji kwanza ndipo aanze kupanda mlima. Ndiyo maana Wajerumani walijenga boma lao hapo.

Agosti 30, 1905, boma hilo lilishambuliwa. Vita vilikuwa vimeanza Julai huko Umatumbi, na wajumbe wa dawa, walioitwa hongo, walikuwa wamesambaza maji ya kugeuza risasi. Ndani ya boma alikuwamo Kapteni Theodor von Hassel na askari wake, pamoja na bunduki mbili za rashasha. Hapo ndipo kilima kilipowageuka wenyeji wake: waliokuwa wakipanda walionekana mapema, wakapigwa risasi wakiwa mahali peupe. Hawakukimbia mara moja. Walisonga mbele huku wenzao wakianguka, na kundi la pili likaja kutoka upande mwingine baada ya la kwanza kushindwa. Mimi siwezi kuwaita wajinga kwa sababu ya ile dawa. Walikuwa watu waliochoshwa na kodi na kazi za shuruti, na maji yalikuwa yamewaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja.

Boma lilizingirwa hadi Septemba, msaada ulipofika kutoka Iringa. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko risasi. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala kusini yote, na njaa ikaua wengi zaidi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000.

Mwaka 1917 Wajerumani ndio waliokuwa wamejificha nyuma ya maji. Reli ya kati ilikuwa imeshachukuliwa na Waingereza na Wabelgiji, na kikosi cha Kapteni Theodor Tafel kilibaki Mahenge kikila mavuno ya wenyeji. Askari wa Kongo ya Kibelgiji walivuka bonde na kuingia mjini Oktoba 9, 1917. Tafel alitoroka kuelekea kusini, lakini mwishoni mwa Novemba chakula kilimwishia, akajisalimisha. Pande zote mbili mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika, waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa, wengi wao bila jina lao kuandikwa popote.

Alama ya vita hivi haiko kwenye boma peke yake. Upande wa mashariki na kusini, watu walipokufa au kukimbia, mashamba yaliachwa, pori na mbung'o wakarudi, na tembo wakafuata. Baadaye serikali ya Kiingereza ilihamisha waliobaki na kupanua Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii huliona kama nyika ambayo haijawahi kuguswa na mtu, ilhali yako maeneo humo yaliyokuwa vijiji vya watu kabla ya 1905.