Boga Halina cha Kutupwa: Tunayodhani Kuhusu Halloween ya Kujitengenezea

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba, mtaani kwetu hapa Rock Island, jimbo la Illinois, mapipa ya taka huwa hayafungiki kwa maboga. Mengine yamechongwa macho na meno, mengine hayajaguswa hata na kisu. Mimi nimekulia Tanga, ambako boga halina cha kutupwa: majani yake mboga, mbegu zinakaangwa kwa chumvi, nyama yake ni futari. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliyatazama mapipa yale moyo ukaniuma, na mpaka leo unaniuma. Hili ndilo jimbo linaloongoza kwa kilimo cha maboga Marekani, na jasho lote lile la mkulima linaishia jalalani baada ya usiku mmoja.

Watoto wangu wanaipenda Halloween, sikukuu ya usiku wa tarehe 31 Oktoba ambapo watu huchonga maboga na watoto waliovaa mavazi ya kujigeuza huzunguka mlango kwa mlango wakiomba vitamu, basi nyumbani kwetu tunaisherehekea kwa vitu tunavyotengeneza wenyewe. Kila Oktoba wazazi wenzangu hunieleza kwa nini haiwezekani. Mengi wanayoyasema si kweli.

"Boga la kuchonga haliliwi"

Linaliwa. Maboga makubwa ya rangi ya chungwa yanayorundikwa nje ya maduka, hasa aina inayoitwa Howden, yalizalishwa ili yapendeze na yachongeke: ganda limesimama vizuri, kikonyo kinene. Nyama yake ina maji na nyuzinyuzi, na utamu ni haba. Haliwezi kushindana na boga la kwetu, lakini si sumu. Linachotaka ni tui zito na mkono usioogopa iliki.

Mimi huchonga tarehe 31 yenyewe, mchana. Nyama ninayoikwangua ndani naiweka sufuriani papo hapo bila maji, maana itatoa maji yake yenyewe. Yakikauka namimina tui, chumvi kidogo, sukari na iliki tatu zilizopondwa, kisha naacha moto mdogo mpaka tui lishikane. Mbegu watoto wanazitenga na utumbo wake kwa vidole, kazi wanayoipenda kuliko hata kuchonga, halafu naziosha na kuzikausha kwa oveni. Boga lililokwisha kuchongwa na kukaa kibarazani siku mbili tatu hilo msile, limeshaanza kuota ukungu.

Ukitaka kula boga zima, usilichonge. Waache watoto walibandikie macho ya karatasi na nywele za uzi, kwa gundi ya uji wa ngano. Sherehe ikiisha, bandua, osha, liweke mahali pakavu penye ubaridi. Lisilojeruhiwa linakaa wiki nyingi.

"Boga ni kitu cha asili, hata likitupwa linaoza tu"

Linaoza, ndiyo, lakini mahali ndipo penye tofauti. Kwenye dampo taka hushindiliwa na kufukiwa, hewa haipiti. Boga likioza bila hewa hutoa methani, gesi inayolipasha joto anga zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksaidi ikipimwa kwa miaka 100. Chakula ndicho kinachochukua sehemu kubwa kuliko taka nyingine yoyote kwenye madampo ya Marekani.

Boga hilohilo ukilipasua kwa jembe na kulifunika kwa majani makavu nyuma ya nyumba, hewa ikapita, linakuwa mboji ya kupandia mchicha masika yakifika. Na majani makavu mwezi huo yamejaa tele, hayanunuliwi. Toa kwanza nta ya mshumaa, na lililopakwa rangi ya dukani au vimetameta usilitie. Asiye na ua asikate tamaa: jimboni kwetu shirika la SCARCE, la kaunti ya DuPage, lilianzisha siku ya kuponda maboga baada ya Halloween. Watoto huyarusha kwa nguvu zao zote, yakapasuka, yakapelekwa kwenye mboji. Miji mingi imeiga.

Wengine huyapeleka msituni wakiamini wanawasaidia wanyama. Watunza misitu wa Uingereza wanasihi kila mwaka watu wasifanye hivyo, kwa sababu kalunguyeye wakila boga huharisha, na msimu wa baridi unawakuta dhaifu.

"Kitamu cha kupikwa nyumbani kinaweza kuwa na sumu"

Hofu hii ndiyo iliyoua mikono ya watu. Zamani watoto wa Marekani waliopita mlango kwa mlango walipewa keki, tufaha na bisi zilizopikwa na mama wa nyumba. Leo ni pipi za kiwandani tu, kila moja na karatasi yake ya plastiki.

Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amefuatilia habari za aina hii tangu za mwaka 1958, na hajapata hata moja iliyothibitika ya mtoto aliyeuawa au kudhurika vibaya kwa kitamu alichopewa na mtu baki katika kuzunguka huko. Kifo kilichoitisha nchi nzima, cha Texas mwaka 1974, kilikuwa cha mtoto aliyetiliwa sumu na baba yake mzazi kwa tamaa ya fedha za bima.

Hata hivyo simshauri mtu agawe visheti vya mkononi kwa watoto asiowajua. Wazazi wao watavitupa, na hapo umeongeza taka. Visheti nawapikia watoto wa jamaa na marafiki. Mlangoni natoa penseli na zabibu kavu za kwenye vijiboksi vya karatasi. Hatari ambayo ni ya kweli ni mzio. Kuna watoto ambao karanga kidogo tu zinawafikisha hospitali, na kwa ajili yao boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani mbele ya nyumba ni ishara kwamba hapa kuna zawadi isiyo chakula. Desturi hiyo ilianzia Tennessee mwaka 2012.

"Vazi la kutengeneza ni la mtoto wa maskini"

Hili linaniudhi kuliko yote. Mwaka 2019 mashirika mawili ya Uingereza, Fairyland Trust na Hubbub, yalichunguza mavazi ya Halloween ya maduka 19 na kukuta asilimia 83 ya malighafi yake ni plastiki. Mtoto analivaa usiku mmoja.

Mwanangu wa miaka saba alitaka kuwa mwanaanga. Tulichukua boksi, chupa mbili za soda za lita mbili, na vipande vya kitenge chekundu na cha manjano alivyotupa jirani yetu wa kutoka Uvira, ambaye ni fundi cherehani. Chupa zikawa injini mgongoni, vitenge vikawa ndimi za moto zinazopepea akikimbia. Alikataa kulivua mpaka usingizi ulipomshinda, na boksi lile sasa ni duka la mdogo wake.

Wala boksi tupu halikuanzia kwetu. Mwaka 1950, watoto wachache wa Philadelphia walizunguka na maboksi matupu ya maziwa wakiomba senti za kuwasaidia watoto wenzao badala ya pipi. Wakakusanya dola 17, wakazipeleka UNICEF. Hapo ndipo ulipoanza mchango wa Halloween wa shirika hilo.

"Hii ni ibada ya shetani"

Familia nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, hazishiriki, na msimamo wao nauheshimu kabisa. Ila jina lenyewe la Kiingereza maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Kanisa ya tarehe 1 Novemba. Mkesha huo ulichanganyika na desturi za Samhain, msimu wa kumaliza mavuno wa Waselti wa Ireland na Scotland. Waairishi walichonga tanipu, mzizi mgumu wa duara, wakatia mwanga ndani. Walipohamia Marekani ndipo walipolikuta boga, tena kubwa na rahisi kuchonga.

"Utando wa buibui wa dukani hauna madhara"

Utando huo wa bandia, unaotandazwa kama pambo, ukiwa ndani ya nyumba, sawa. Ukitandazwa vichakani nje, unanasa nyuki, ndege wadogo, hata bundi. Kamba nene za katani zilizofungwa kwa fundo zinapendeza vilevile, na mwakani zipo.

Taa zetu ni za makopo. Ukitoboa kopo tupu linabonyea, kwa hiyo lijaze maji, ligandishe, lilaze juu ya taulo, kisha chora sura kwa msumari na nyundo, tundu baada ya tundu. Barafu ikiyeyuka tia taa ya betri, ila ile ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu, maana vile vibetri vya duara mtoto akivimeza ni hatari kubwa. Kila nikitoboa nawakumbuka mafundi wa koroboi wa soko la kwetu, na mlio ule wa bati. Mwaka huu makopo sita ya nyanya yameshaganda, na binti yangu ameficha nyundo chini ya kitanda ili asitanguliwe na kaka yake.