Choo cha Karavani Wakati wa Barafu: Namna ya Kukitumia bila Kuhatarisha Afya

Usiku wa Januari katika jimbo la North Dakota, nchini Marekani, kipimajoto hushuka chini ya −15 °C na hakuna anayeshangaa. Hata hivyo wapo watu wanaoishi ndani ya karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, majira yote ya baridi, wakiwemo vibarua wa visima vya mafuta upande wa Williston, mafundi wanaofuata kazi za ujenzi na familia ambazo bado hazijapata nyumba ya kupanga. Nikiwa afisa afya wa mazingira, maswali ninayoulizwa kwa Kiswahili kuhusu makazi haya huanzia mara nyingi kwenye choo, na wengi huuliza wakiwa wamechelewa, yaani bomba limekwisha kuganda na mtu ameshika kibiriti. Naomba nieleze mambo haya kabla hatujafika hapo.

Choo cha karavani ya kawaida hakiendi kwenye shimo wala kwenye mfereji wa mji. Kinyesi na mkojo hushuka katika tangi lililofungwa chini ya sakafu, ambalo mara nyingi hubeba kati ya lita 75 na 150, na tangi hilo hutoka nje kwa bomba fupi lenye koki ya kuvuta. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo yana tangi lake. Sehemu hizi zote hupigwa na upepo wa chini ya gari, na ndiyo maana ndani unaweza kuwa umekaa na fulana huku koki iliyo nusu mita chini ya miguu yako imeshikwa na barafu. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na plastiki iliyokakamaa kwa baridi haina pa kunyumbulikia. Kwa kawaida vifaa vidogo hupasuka kwanza, kama vile vali ya maji iliyo nyuma ya sinki la choo na kiwiko cha bomba chini ya koki, kabla ya tangi lenyewe.

Kosa ninalolikuta zaidi ni kuunganisha mpira wa majitaka kwenye shimo la eneo la maegesho na kuiacha koki wazi mchana na usiku, kwa kudhani kwamba uchafu utajiondokea wenyewe. Katika joto jambo hilo huleta mrundikano wa kinyesi kikavu chini ya choo, kwa sababu mkojo hukimbia na kuacha vitu vizito nyuma. Katika baridi madhara ni makubwa zaidi, kwa kuwa kila mara mtu anapovuta maji, kijito chembamba hupita ndani ya mpira na kuganda kabla hakijafika mwisho, kisha cha pili huganda juu ya cha kwanza, mpaka mpira wote unakuwa gogo la barafu chafu. Koki ya choo ifungwe muda wote. Tangi limwagwe likiwa limejaa kiasi cha theluthi mbili, saa za mchana ambapo jua limepanda, ili uchafu utoke kwa nguvu na kwa mkupuo mmoja. Kisha mpira ufunguliwe, uinuliwe ukauke, na uhifadhiwe. Utabiri ukitangaza wimbi la baridi kali, usisubiri theluthi mbili, bali limwage siku moja kabla.

Baada ya kumwaga, tangi lisiachwe tupu kabisa bila kinga. Mimina lita mbili hadi nne za dawa ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya karavani, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya waridi na kiini chake ni propileni glaikoli. Usinunue kwa kuangalia rangi pekee, soma lebo. Kulanti ya injini ya gari mara nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu ambayo huharibu figo na huweza kuua mtoto au mbwa aliyeilamba kidogo tu. Maji ya kusafishia kioo cha gari nayo huwa na methanoli, ambayo ni sumu na hushika moto. Ieleweke pia kwamba namba ya −46 °C inayoonekana kwenye chupa nyingi za dawa ya waridi ni kiwango cha kulinda bomba lisipasuke, kwani dawa yenyewe huanza kuwa uji wa barafu kwenye −12 °C hivi, na ikichanganyika na mkojo nguvu yake hupungua zaidi. Kwa hiyo iongezwe kadiri tangi linavyojaa.

Wapo wanaomwaga chumvi. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha kilo 3.5 katika kila lita 100, na bado huganda kwenye karibu −2 °C, kwa hiyo konzi chache ndani ya tangi hazitasaidia lolote usiku wa −15 °C.

Choo kikishaganda, tafadhali usikimbilie moto. Mabomba ni ya plastiki, mitungi ya gesi iko karibu, na ndani ya tangi la kinyesi huweza kuwemo gesi ya methani. Maji yanayochemka nayo hupasua sinki la kauri lililopoa. Njia salama ni ya polepole: zungushia sehemu ya chini ya karavani mbao za povu ili upepo usipite, tumia mkanda wa umeme wa kupashia mabomba uliothibitishwa kwa kazi hiyo, na kubali kungoja hata siku nzima. Pedi za kupasha tangi zinafaa, ila nyingi hazitakiwi kuwashwa tangi likiwa tupu.

Hapa ndipo penye hatari inayonikosesha usingizi. Sisi tuliokulia Njombe, Limuru au Bukavu tumezoea kuingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi, na misiba iliyotokana na desturi hiyo tunaijua. Ndani ya karavani, ambayo ni ndogo kuliko chumba kimoja cha nyumba, jiko la mkaa, jiko la gesi lililoachwa liwake ili kupasha choo, au jenereta iliyowekwa karibu na dirisha hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Theluji iliyoziba bomba la moshi la hita husababisha hatari ileile. Kichwa kikiuma, mkisikia kizunguzungu na kichefuchefu, hasa wote kwa pamoja na bila homa, tokeni nje mara moja, pigeni 911, namba ya dharura ya Marekani, wala msirudi ndani kuchukua chochote. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwe karibu na mahali pa kulala, na betri yake ijaribiwe.

Baridi haiui vijidudu kama wengi wanavyoamini. Virusi vya norovirus, vinavyoleta kuhara na kutapika, hustahimili kuganda, na nchini Marekani milipuko yake huzidi kati ya Novemba na Aprili. Jeli ya kusafishia mikono haiviui vizuri, kwa hiyo sabuni na maji yanahitajika hata kama mabomba yamefungwa. Chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu na kibuyu chirizi kilichotundikwa juu ya beseni vinatosha. Vaeni glavu za mpira wakati wa kumwaga, na msisuuze mpira wa majitaka kwenye bomba la maji ya kunywa.

Vituo vingi vya kumwagia majitaka hufunga maji yake katika majira haya, hivyo pigeni simu kabla ya kusafiri. Kumwaga juu ya theluji ni kosa kisheria, na uchafu huo husubiri hapo hadi barafu iyeyuke na kuupeleka mtoni. Ikiwa hakuna kituo kilicho wazi, kausheni mfumo wote, tandikeni mfuko imara ndani ya sinki la choo, tumieni maranda ya mbao kunyonya unyevu, fungeni mfuko ndani ya mwingine, na ulizeni ofisi ya taka ya kaunti ni wapi mifuko ya namna hiyo hupokelewa.